Aliyekataa Mbuzi wa Slabu

Watu wa Kitengela walimwita Injinia, naye kila mara alijibu, "Bado." Ungemsalimu asubuhi pale malori ya mchanga yanaposimama, "Injinia, habari ya leo?" Angekupa mkono, akuulize hali ya nyumbani, kisha aseme polepole, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto, "Nzuri, lakini bado." Wageni walidhani ni utani. Sisi tuliofanya naye kazi ya mjengo tulijua haukuwa utani. Alikuwa amesomea uinjinia chuo kikuu akamaliza, na karatasi alikuwa nayo, lakini hakuwa na mhuri. Alinieleza hivi: ukimaliza chuo ni lazima ufanye kazi miaka kadhaa chini ya injinia mwenye mhuri, halafu huyo mkubwa wako ashuhudie kwamba umeifanya kazi na unaiweza. Hapo ndipo unaandikishwa, unapata mhuri wako, na unaweza kukubali jengo au kulikataa kwa jina lako mwenyewe. Bila huo ushahidi utazeeka ukiitwa injinia na kila mtu isipokuwa serikali.

Yeye alizeeka hivyo. Tulimzika kwao Ewuaso Kedong, na kila aliyesimama kuhutubia alimwita Injinia.

Mimi ni fundi wa vyuma. Nilisoma mpaka darasa la nane. Kazi yangu ni kukata na kufunga vile vyuma vinavyolala ndani ya slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa, na ndani ya nguzo, ambavyo simiti ikishamwagwa hakuna atakayeviona tena. Nimeifanya hapa Kitengela tangu mji ukiwa safu ya maduka kando ya barabara ya Namanga na ng'ombe wakipita katikati. Siandiki ili nimsifu. Waliomsifu mazishini wanatosha, na baadhi yao ndio waliomcheka alipokuwa hai. Nataka tu kusema alivyokuwa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa kuosha viatu. Kabla ya kutoka mjengo kwenda barabarani alisimama kwenye mfereji, au kama maji hayapo aliomba chupa moja kutoka kwa bozi, lile lori la maji, akaviosha mpaka soli. Nilimwuliza mara moja kwa nini anajisumbua, na vumbi linamsubiri hapo nje ya geti. Akasema, "Fundi, mtu mwenye viatu vichafu hupewa bei chafu." Lakini hata na hivyo viatu safi bei aliyopewa haikuwa ya maana.

Sisi tukipita karibu na ghorofa mpya tunaangalia juu, tunahesabu madirisha, tunasema huyu ana pesa. Yeye aliangalia miguu ya nyumba. Alipita mjini macho yakiwa chini, pale ukuta unapoingia ardhini, na akiona ufa alisimama, akaingiza ukucha, akatazama umeelekea wapi. Hakujali ni nyumba ya nani. Kanisani alifanya hivyo hivyo. Jumapili moja mchungaji alimkuta amechuchumaa nyuma ya madhabahu, akamwambia mbele ya watu, "Injinia, sasa unakagua nyumba ya Mungu?"

"Ya Mungu iko sawa, Pasta," akajibu bila kuinuka. "Hii ni ya kamati."

Watu walicheka mpaka wimbo ukachelewa. Kamati haikucheka.

Alikuwa na maneno aliyoyarudia mpaka vibarua wakawa wanamwigiza. Moja lilikuwa "Ardhi haisomi plani." Mtu asiyejenga huku hawezi kulielewa. Sehemu kubwa ya Kitengela ina udongo mweusi. Wakati wa kiangazi unapasuka hadi mtoto anaweza kupoteza kiatu ndani ya ufa. Mvua ikinyesha unavimba kama unga uliotiwa hamira, na chochote kilichokaa juu yake kinanyanyuliwa. Kiangazi kikirudi unakishusha tena, lakini haukishushi pale pale ulipokitoa. Kwa hiyo anayejenga kwa haki anauchimba wote na kuutupa, anashuka mpaka mwamba, ndipo anaanza. Kushuka huko ni pesa, na pesa hiyo inazikwa. Hakuna mpangaji atakayekuja kukuambia msingi wako unapendeza. Wengi wanachimba mpaka wanapochoka kulipa, kisha wanasema mwamba umepatikana.

Neno lake la pili lilikuwa "Kubali kuchukiwa Jumatatu, ulale Jumanne." Hilo aliwaambia zaidi vijana waliotoka chuoni. Walikuwa wakija kumtafuta, wengine na tai shingoni, wakiuliza kama kuna mahali wanaweza kushikwa mkono. Mji unajengwa kila upande, malori ya mawe kutoka kwari hayalali, na bado hawa watoto wana digrii na hawana kazi. Sikuelewa. Nikamwuliza.

"Kazi ya injinia iko nyingi sana," akasema. "Mtu wa kuilipa ndiye hayuko. Mwenye ploti ananunua plani iliyochorwa kwa ploti nyingine, anatafuta mwenye mhuri huko Nairobi, huyo anagonga bila kuja kuona, na hapo injinia amekwisha. Wanatuona kama ushuru, Fundi. Mtu analipa ili asisumbuliwe."

Ofisi aliyokuwa anafanyia kazi miaka ile ilikuwa Nairobi, na mkubwa wake alikuwa na mhuri. Yeye ndiye aliyekuwa anazunguka mijengo ya huku, Kitengela mpaka Matasia, kwa sababu mkubwa hakupenda vumbi. Mshahara wake ulikuja mteja akilipa, na mteja alilipa akikumbuka. Kulikuwa na kijana wa kupanga tiles, mtu wa mzaha sana, ambaye alimaliza shule pamoja na kitinda mimba wangu. Alinunua pikipiki kwa kazi ya tiles. Jioni alikuwa akimpa Injinia lifti hadi barabarani, na akifika kwenye geti la mjengo alipiga honi na kuita, "Digrii, panda!" Injinia alipanda, akamshika mabega, akasema, "Haya, Profesa, twende." Hakukasirika. Lakini siku moja nilimsikia akimwambia yule kijana, bila mzaha, "Mimi nikikosea hesabu, hizo tiles zako zote zinashuka na watu juu yake. Wewe ukikosea, mtu anajikwaa. Sasa niambie nani anapaswa kumpa mwenzake lifti." Kijana akafikiria kidogo akasema, "Ni kweli, buda. Lakini mafuta ni yangu."

Kwao walimsomesha kwa harambee. Watu waliuza mitamba kwa ajili yake, na alipoenda nyumbani wazee walimsalimu kwa Kimaasai, "Sopa," naye akajibu, "Ipa," na baada ya hapo swali lilikuwa moja, na ni lile lile kila likizo: umejenga nini? Aliniambia swali hilo lilikuwa zito kuliko mfuko wa simiti. Mjengo ulikuwa wa mkubwa wake, plani ilikuwa ya mkubwa wake, na mhuri ulikuwa wa mkubwa wake. Yeye alikuwa macho tu. Mke wake alibaki Ewuaso na watoto, akiuza nguo siku za soko, na mara nyingi ni yeye aliyemtumia mumewe nauli ya kurudi nyumbani. Hilo nalisema kwa sababu mazishini lilisemwa kinyume.

Kuna jambo moja sijalielewa kwake mpaka leo. Alilalamika kuhusu kazi yake kila siku ya Mungu, lakini mzazi akimwuliza, "Mtoto wangu asomee nini?" alisema uinjinia. Nikamwambia, "Mzee, wewe ni muuza sumu. Unaona inavyokufanya, na unawapa wengine." Akaokota kipande cha waya, akakinyoosha kwa vidole. "Wakiwa wengi," akasema, "siku moja hawa wenye ploti watakosa wa kumpigia simu awagongee bila kuona."

Sasa niseme habari ya ile slabu, kwa sababu hata mngemwuliza mtu yeyote hapa mjini Injinia alikuwa nani, angewaambia hiyo.

Huku kwetu siku ya slabu ni kama harusi. Vibarua wanakuwa wengi kuliko siku nyingine zote, maana slabu ikianza kumwagwa haiachwi nusu. Mashine ya kuchanganya inanguruma tangu asubuhi, watu wanapokezana ndoo na karai ngazi hadi ngazi, kuna nyimbo, kuna matusi, na mwenye ploti anachinja mbuzi. Nyama inachomwa kando ya rundo la kokoto. Ubavu wa kwanza ni wa injinia. Na kuna sheria isiyoandikwa popote lakini kila mtu wa mjengo anaijua: injinia akishaonja, slabu imekubaliwa. Hata akiona kosa baadaye, atasema nini na mafuta ya mbuzi wa mwenyewe bado yako mdomoni? Wenye ploti wanaijua vizuri zaidi. Ndiyo maana mbuzi huchinjwa mapema, na ubavu unakuwa tayari kwenye sinia injinia akishuka tu kwenye gari.

Yeye hakuwa anaonja kabla ya kukagua. Alisema, "Wekeni, itanikuta." Mara nyingi alirudi akakuta mifupa.

Ploti yenyewe ilikuwa upande wa kuteremkia mtoni. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu mkarimu, sitamsingizia, aliyetulipa siku aliyosema atatulipa. Msingi ulikuwa umewekwa wakati wa mvua, kabla sijaletwa, na ofisi ya Injinia haikuitwa kuuona. Waliitwa kwa slabu tu. Siku hiyo ilikuwa slabu ya ghorofa ya pili. Injinia alishuka, akakataa sinia, akapanda juu akakagua vyuma vyangu, akasema viko sawa. Nikadhani tumemaliza. Kumbe akishuka alikuwa ameona kitu kwenye ukuta wa chini, upande wa mto. Ufa mwembamba kama unywele. Akachuchumaa, akaingiza ukucha.

"Chimbeni hapa," akasema. "Kando ya nguzo hii."

Foremani akacheka. "Injinia, leo ni slabu. Msingi tulimaliza zamani."

"Slabu imekaa juu ya nini?"

Vibarua wawili wakaanza kuchimba, wengine wote wakasimama na karai mikononi. Mwenye ploti akaja mwenyewe na sinia, akaongea kwa upole, "Injinia, kwanza kula. Mtu hafikirii na njaa."

"Nikila sitafikiria kabisa, mzee."

Watu wakacheka, hata mwenye ploti akacheka. Lakini jembe lilipofika chini ya zege la msingi kicheko kiliisha. Ulipaswa kusikia chuma kikigonga jiwe. Hatukusikia kitu. Jembe liliingia na kutoka na udongo mweusi, laini kama ugali wa wimbi. Nguzo ile, na zile za safu yake zote, zilikuwa zimesimama kwenye tope.

"Hii haimwagwi," Injinia akasema.

"Mashine inazunguka! Simiti imefunguliwa!" foremani akapiga kelele.

"Izimwe."

"Na hawa watu wote? Mbuzi amekufa bure?"

"Afadhali yeye," akasema Injinia.

Mwenye ploti hakugombana. Alitoa simu akampigia mkubwa wa Injinia huko Nairobi, akamweleza, akaweka sauti ili tusikie wote, kisha akampa Injinia. Ile sauti ilikuwa na haraka. "Wewe ni nani wa kusimamisha kazi ya mteja wangu? Mhuri ni wako?"

"Si wangu."

"Basi kula nyama, maliza, rudi ofisini. Na usisahau ni nani atakuandikia ule ushahidi wako. Si unajua umebakisha kidogo?"

"Najua."

"Sasa?"

Tulikuwa tumesimama pale wote. Kila mmoja alijua anachoulizwa, maana alikuwa ametuambia mara nyingi kwamba ule mwaka ungeisha na mhuri mkononi. Injinia akaangalia lile shimo. "Siwezi kusema nimeona mwamba," akasema, "na nimeona matope."

Akaipangusa simu kwa shati lake, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. Gari lilikuwa la ofisi, na dereva alikuwa anakula. Basi akaondoka kwa miguu kuelekea lami, na siku hiyo hakuosha viatu.

Shimo likafukiwa. Slabu ikamwagwa siku hiyo hiyo, na nyingine juu yake baadaye, na nyingine tena. Mhuri wa mkubwa ukagongwa. Ushahidi wa Injinia haukuandikwa. Alienda ofisi nyingine, wakamwambia miaka ya nyuma bila shahidi ni kama hakuifanya, aanze upya. Akaanza upya. Ofisi hiyo ikafungwa kabla hajafika mwisho. Ya tatu wakampa mtoto wa ndugu nafasi yake. Baada ya hapo alikuwa anaitwa na watu wadogo wadogo, anayejenga nyumba ya vyumba viwili, anayetaka kujua kama tangi la maji litakaa juu ya bafu. Alilipwa kwa mahindi, kwa kuku, kwa "Injinia, nitakutafuta."

Kilichomuumiza zaidi si hayo. Kilichomuumiza ni kwamba ile nyumba haikuanguka. Ilipakwa rangi ya maziwa, wapangaji wakaingia, nguo zikaanikwa kwenye roshani, na imesimama mpaka leo ninapoandika. Mji una midomo. Vijana wa bodaboda walimwona wakaita, "Injinia! Ile nyumba yako bado imesimama!"

"Mungu asifiwe," alijibu.

"Si ulisema itaanguka?"

"Sikusema itaanguka. Nilisema haijasimama juu ya kitu."

Hilo hawakulielewa, na wengi bado hawalielewi. Kwao injinia ni kama nabii. Neno lake lisipotimia, ni wa uongo. Hata mimi, niliyeona lile tope, kuna siku nilijiuliza kama hakuwa mgumu kupita kiasi. Lakini nilimwona mwaka wa mvua kubwa amesimama upande wa pili wa barabara, chini ya mabati ya duka, mchana kutwa, akiiangalia. Sikuona furaha usoni mwake, wala ile hamu ya kutaka kuthibitishwa. Alikuwa anatikisa kichwa kidogo kidogo kama mtu anayembembeleza mgonjwa: kaa, kaa hivyo hivyo.

Sukari ilimshika. Ikamla mguu mmoja polepole, na mtu asiyeweza kupanda ngazi ya mbao hana kazi mjengo. Akakosa kodi alipokuwa anaishi, akatolewa vitu nje. Halafu tukasikia habari ambayo wengine waliiona kichekesho: Injinia amehamia kwenye ile nyumba. Chumba cha chini, upande wa mto. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyempa, kwa bei ya chini kabisa, na akikosa hasukumwi. Nilisema alikuwa mtu mkarimu. Lakini pia alikuwa mfanyabiashara. Tangu siku hiyo, mpangaji mpya akiuliza kuhusu ule ufa, ambao sasa ulikuwa umepanda hadi ghorofa ya kwanza, msimamizi wa nyumba alimwonyesha ule mlango wa chini. "Unaona hapo? Hapo analala injinia. Yule yule aliyekataa. Sasa wewe unaogopa nini?"

Alikataa igongwe mhuri, wakamgonga yeye mwenyewe pale mlangoni kama mhuri.

Alitolewa huko pia, na ndugu zake wakaja na pikapu wakampeleka Ewuaso, ambako hakukaa sana. Sababu ya kutolewa ni siku ya mwisho niliyokaa naye, na hiyo nitaisema kama ilivyokuwa.

Binti yangu Mwende anafanya kazi kiwanda cha nguo Athi River. Ana mtoto. Alikuwa amebanana nasi kwa muda mrefu, akatafuta chumba, akapata kule ghorofa ya tatu. Aliponiambia ni nyumba gani nilikataa.

"Baba, unapaswa kuona ilivyo safi. Maji iko. Na bei hiyo sitapata tena hii Kitengela."

"Hiyo nyumba haina miguu."

"Hata Injinia anaishi hapo! Rafiki yako. Yeye si ndiye anajua?"

Nikaenda kumwuliza mwenyewe, mchana, Jumamosi. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mguu umefungwa kitambaa, mlango wazi. Chumba kilikuwa safi. Kitanda kilikuwa kimesogezwa mbali na ukuta wa nyuma, na sikuuliza kwa nini, maana niliuona ukuta. Nikamsalimu, "Injinia," naye hakusema, "Bado." Aliacha kusema hivyo wakati fulani, sijui lini.

Nikamweleza habari ya Mwende. Nikamwambia maneno yake kama alivyoyasema, kwamba hata Injinia anaishi hapo.

Akainua kichwa. "Amesema hivyo?"

"Wote wanasema hivyo. Msimamizi ndivyo anavyowaambia."

Alikuwa hajui. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa hajui. Alidhani amepewa chumba kwa huruma, na alikuwa ameimeza huruma hiyo kwa shida, kama mtu anavyomeza dawa. "Fundi," akasema, "mimi niko hapa kwa sababu sina pengine. Umaskini wangu si ripoti."

"Najua. Nimekuja tu kwa ajili ya Mwende."

"Mwende asije. Na hao wengine?"

"Wengine si watoto wangu."

Nilisema hivyo, na nilimaanisha, mtu ana wake wa kuangalia. Yeye akaanza kuvaa viatu. Mguu mbaya haukuingia, akauacha na kitambaa. Nikamwambia akae, wakisikia watamtoa, na kwa hali ile ataenda wapi. Akasema, "Nisaidie ngazi."

Nilimsaidia. Alipanda akishika ukuta upande mmoja na bega langu upande mwingine, akapumzika kila kona. Ghorofa ya kwanza, mlango wa kwanza, akabisha. Akafungua mama mmoja wa Kiislamu, kwao kaskazini mashariki, anauza maziwa ya ngamia kwa jumla pale sokoni. Namjua kwa sura. Nyuma yake watoto walikuwa wanakula. Alipomwona akasema, "Injinia! Umepanda mpaka huku na huo mguu? Ingia, ingia ukae."

"Sikai, mama. Nimekuja kukuambia jambo. Nilipaswa kukuambia siku ile umeleta vitu." Akamwambia. Alimwambia kwa maneno rahisi: msingi umeishia wapi, ule ufa unatoka wapi, hajui utachukua muda gani, inaweza kuwa miaka, na yeye kulala pale chini hakumaanishi chochote. Hakuongeza chumvi. Yule mama alisikiliza hadi mwisho, kanga ameishika kidevuni. Kisha akatazama ndani, kwenye watoto, akatazama ule ukuta wa ngazi.

"Wallahi nimeuona huo ufa kila siku," akasema. "Mimi si kipofu. Sasa nihamie wapi, Injinia? Niambie. Iko nyumba ya bei hii ambayo wewe umekagua ukaona iko sawa? Nitaenda leo. Nitaita mkokoteni sasa hivi."

Nilidhani atasema kitu. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akiulizwa swali la nyumba akakosa la kujibu. Alikuwa amezunguka mji huu wote kwa miguu akiangalia mahali kuta zinapoingia ardhini, na alikuwa anaupekua wote kichwani, mtaa kwa mtaa. Niliona macho yake yakienda.

"Sijui," akasema.

"Basi," yule mama akasema kwa upole. "Asante kwa kuniambia. Wengine hawangeniambia." Akarudishia mlango bila kuufunga.

Msimamizi alikuwa ameshasikia, alikuwa anapanda ngazi nyuma yetu akiongea na simu. Nikamvuta Injinia mkono. Nikamwambia tushuke, umesema, inatosha, umeona mwenyewe hawana pa kwenda. Alikuwa amegeuka tayari, ameshika ukuta, anakwenda kwenye mlango uliofuata.